Pilau au biriani: chungu gani kwa sikukuu ipi

Ikibaki wiki moja Idi, ujumbe wa sauti unaanza kumiminika kwenye simu za ukoo wetu: mwaka huu tunapika nini? Shangazi yangu wa Tanga ni mtu wa pilau, hataki mjadala. Wifi yangu wa Mombasa ni wa biriani, na anasema sikukuu bila biriani ni Ijumaa ya kawaida tu. Mimi nimekaa katikati yao miaka mingi. Nimevipika vyote viwili kwa watu wanne na kwa watu arobaini, kwa gesi ya mtungi na kwa kuni za mafiga matatu, na nimeshaviharibu mara za kutosha kujua kila kimoja kinaharibikia wapi.

Swali la kipi kitamu zaidi nimeliacha zamani, kwa sababu halimsaidii mpishi. Yanayomsaidia ni haya: wageni wanakula saa ngapi, nani atakuwa jikoni, nyama inafika lini. Ukishayajibu hayo, mara nyingi chungu kinajichagua chenyewe.

Chungu kimoja, vyungu viwili

Pilau ni kazi ya chungu kimoja. Unakaanga vitunguu, unatia kitunguu saumu na tangawizi iliyotwangwa, halafu viungo: bizari nyembamba (Unguja wataiita uzile), pilipili manga, mdalasini, iliki, karafuu. Nyama iliyokwisha kuchemshwa inaingia, viazi vinaingia, supu ya ile nyama inamiminwa juu, ikichemka unatia mchele. Kuanzia hapo kila punje inakunywa supu ile ile, na hatima ya chakula chote ni moja. Ikikosea chumvi, imekosea yote. Maji yakizidi, ni bokoboko la bizari.

Wengi wanadhani rangi ya pilau inatoka kwenye viungo. Inatoka kwenye vitunguu. Ukiwahi kuvitilia supu vikiwa bado vya dhahabu, pilau itakuwa nyeupe hata umwage bizari kijiko juu ya kijiko. Ukivivumilia mpaka viwe vyekundu kabisa, karibu na rangi ya kahawa, utapata ile rangi ya udongo inayomfanya mtu ameze mate kabla hajakaa. Vikipita hapo kidogo tu vinaungua, na uchungu wake haufukuziki na kitu. Kwa hiyo pilau inadai usimamaji wa dakika kama ishirini mwanzoni, mwiko mkononi, bila kujibu simu. Ukikosa dakika hizo ishirini, usipike pilau siku hiyo.

Na nyanya je? Bara, hasa upande wa Kenya, wapo wengi wanaotia nyanya kwenye pilau, na sitamfukuza mtu mezani kwa hilo. Ila kwangu mimi nyanya inaleta uchachu unaoifunika harufu ya bizari, na bizari ndiyo pilau yenyewe. Nyanya ina mahali pake pazuri: kwenye kachumbari, mbichi, na ndimu na pilipili mbuzi.

Biriani ya pwani yetu ni vyungu viwili, na hapa ndipo inapoachana na ya Wahindi. Kule Hyderabad nyama na wali hupangwa tabaka kwa tabaka ndani ya chungu kimoja, mfuniko ukazibwa kwa unga uliokandwa, mvuke ukamalizia kazi. Sisi tunapika rojo peke yake na wali peke yake, vinakutana kwenye sinia. Rojo ni nyama iliyolala kwenye maziwa ya mgando, kitunguu saumu, tangawizi na viungo, ikapikwa na nyanya mpaka mafuta yakapanda juu, na vitunguu vilivyokaangwa vikakauka vikavurugwa humo ndani. Wali unachemshwa kwenye maji mengi yenye chumvi, unachujwa kiini kikiwa bado kigumu, unarudishwa chunguni na samli na zafarani iliyolowekwa, halafu unapaliwa makaa juu ya mfuniko au unawekwa kwenye moto mdogo mpaka uive kwa mvuke wake.

Vyungu viwili vinasikika kama kazi mara mbili. Ni kweli kwa kuosha vyombo. Kwa kupika si kweli, na hili ndilo ningependa msomaji alishike, kwa sababu ndilo linalowatisha wengi wasiithubutu biriani. Rojo linaweza kupikwa usiku. Likilala, viungo vinaingia kwenye nyama na asubuhi linakuwa zuri zaidi kuliko lilipotoka jikoni. Vitunguu vya kukaanga navyo vinakaa kwenye kopo hata siku mbili tatu bila kulegea. Siku ya siku unabaki na wali tu, ambao haufiki hata saa moja. Pilau nayo unaweza kuichemshia nyama usiku na kuimenyea vitunguu, lakini hatua yake kubwa lazima uifanye asubuhi ile ile, wewe mwenyewe, karibu na saa ya kula.

Mwezi ukiandama

Idi mbili zina tabia mbili tofauti jikoni, na sijui kwa nini watu hawalisemi sana hili.

Idi el-Fitri, ya Mfunguo Mosi, haina uhakika mpaka usiku wake. Ramadhani inaweza kuwa siku ishirini na tisa au thelathini. Kwa hiyo jioni ya siku ya ishirini na tisa mpishi anakaa na nyama yake, sikio kwenye redio, hajui kama kesho anapika sherehe au anaamka daku. Ukiwa umeamua biriani, usitie papai bichi kwenye nyama kabla mwezi haujatangazwa. Papai bichi lina kimeng'enya kinachovunja nyama, ndiyo maana tunalitumia kulainisha nyama ngumu. Lakini ukiliacha humo siku nzima na nusu, nyama inageuka uji, haitafuniki, inapakazika. Yalinipata hayo mwaka mmoja: mwezi haukuonekana, tukafunga siku ya thelathini, na kilo tatu za nyama ya ng'ombe zikawa kitu kisicho na jina. Tangu hapo naloweka na maziwa ya mgando, kitunguu saumu na chumvi kidogo, naweka kwenye friji, na papai linangoja tangazo. Likitoka, natia, naipa saa moja au mbili, napika rojo usiku huo huo kabla ya kulala.

Ukifanya hivyo, Idi ya Mfunguo Mosi ni siku ya biriani, hasa kwa mtu anayepika peke yake. Unaamka, unaoga, unavaa, unakwenda kuswali, unapeana mikono na majirani bila kukimbilia chungu. Ukirudi unabandika maji ya wali. Pilau asubuhi ile ina maana mtu mmoja wa nyumbani asiende kuswali, na katika nyumba nyingi mtu huyo anajulikana ni nani. Naona hilo halimpi haki yake.

Idi el-Hajj ni kinyume kabisa. Ni tarehe kumi ya Mfunguo Tatu, nayo inajulikana siku kumi kabla, kwa hiyo hakuna wasiwasi wa mwezi. Lakini nyama inakuja baada ya swala, maana ndipo watu wanachinja. Kugawa, kukatakata, kupeleka mafungu kwa ndugu na kwa wenye haja, mpaka fungu lako litulie jikoni ni karibu na adhuhuri. Hapo huna muda wa kuloweka kitu chochote. Siku hiyo kaanga maini kwa vitunguu na ndimu ya kutosha, watu wayale na mkate huku wakisubiri, halafu pika pilau. Nyama iliyochinjwa asubuhi bado imekaza, na pilau inaiweza kwa sababu inaichemsha kwanza, tena supu yake ndiyo inayobeba mbuzi mzima kwenye mchele. Biriani iache ya siku ya pili au ya tatu. Kuchinja kunaendelea hadi tarehe kumi na tatu, na sherehe nayo haijaisha.

Krismasi ina tarehe yake isiyobadilika, kwa hiyo hapo mpishi ana uhuru, na Tanzania uhuru huo unaishia kwenye pilau karibu kila nyumba ninayoijua, Mkristo kwa Mwislamu. Ukienda Kilimanjaro Desemba, wakati Wachaga wamerudi nyumbani, utakuta pilau imekaa meza moja na mtori na mbuzi wa kuchoma. Kenya bara, sikukuu kwa watoto wengi ilikuwa harufu ya chapati za asubuhi na mchuzi wa kuku. Nikilazimishwa kuchagua cha Krismasi kwa nyumba ambayo watu wanaingia na kutoka tangu asubuhi mpaka usiku, nitasema pilau, kwa sababu inaliwa hata ikiwa vuguvugu, mtu akiwa amesimama na sahani mkononi. Biriani inataka watu wakae pamoja, sinia iwekwe mara moja, rojo likiwa la moto.

Nyama, mchele na mfuko

Chukua watu kumi na wawili wenye njaa ya sikukuu. Vyote viwili vinataka mchele kilo mbili. Pilau inatosheka na nyama kilo moja na nusu, vitunguu nusu kilo, viazi kilo moja, na mafuta ya kukaangia. Biriani kwa watu hao hao ninaipa nyama kilo mbili na nusu, vitunguu kilo mbili (vikikaangwa vinanywea mpaka unashangaa vimekwenda wapi), nyanya kilo moja, maziwa ya mgando nusu lita, samli, zafarani, na mafuta maradufu. Tofauti ya bei utaiona sokoni kabla hujaambiwa.

Kuna jambo jingine kuhusu nyama. Kwenye pilau unaikata ndogo, inajificha kwenye mchele, kila mmoja anapata chake na hakuna anayehesabu. Kwenye biriani kipande kinakaa juu, kinaonekana, na kila jicho linakiona. Nyama ikiwa kidogo, biriani itakuaibisha na pilau itakusitiri.

Wageni wakiongezeka nayo ni hesabu. Kabla hujatia mchele, pilau inaongezeka kwa urahisi: kikombe cha mchele, vikombe viwili vya supu au maji, chumvi kidogo. Ukishafunika, basi. Biriani unaweza kuiokoa hata wageni wakiwa wameshabisha hodi, kwa kuchemsha wali mwingine haraka na kulitandaza rojo jembamba zaidi.

Mchele wa pilau, kwangu, ni wa Kyela, na kama haupo basi mwingine wa Mbeya au Morogoro ulio mzee kidogo. Una harufu yake mwenyewe na unakunywa supu vizuri. Uchambue, uuoshe mpaka maji yatoke safi, uuchuje. Mchele mpya unashika maji mengi ndani yake, kwa hiyo punguza supu, vinginevyo utashikana. Kwa biriani mchele huo haufai sana. Unavunjika ukichemshwa kwenye maji mengi. Tafuta basmati, au ukiwa Kenya pishori ya Mwea, uuloweke nusu saa kabla. Hapa usibane matumizi. Rojo zuri juu ya wali ulioshikana linasikitisha.

Kwa wasioweza kutafuna, na kwa siku zisizo na nguvu

Bibi yangu alipofika umri wa kutokuwa na meno, pilau na biriani vyote vilimpita. Sikukuu yake ikawa bokoboko: ngano na nyama vilivyochemshwa usiku kucha, vikapondwa na kusongwa mpaka nyuzi za nyama zikapotea, samli ya moto juu, na sukari kidogo kwa apendaye. Ni ndugu wa damu wa harisi ya Oman, na watu wa Unguja na Pemba wanaijua asubuhi ya Idi kama Waomani wanavyoijua yao. Inachosha mikono kuliko pilau na biriani zikijumlishwa. Lakini kama mezani kuna mzee, au mgonjwa anayerudi taratibu kwenye kula, au mtoto wa mwaka mmoja, pika hata sufuria ndogo. Sijaona chakula kingine cha sikukuu kinachomfikia kila mtu.

Mtori unafanya kazi hiyo hiyo kwa muda mfupi zaidi. Ndizi na nyama, vikapondwa, tayari ndani ya saa moja na nusu hivi. Ukiwa na homa, au siku ya mvua za masika ambapo hutaki hata kusema na mtu, huo ndio wa kupika.

Vya kutafuna kabla chungu hakijafunuliwa

Hapa chaguo ni la muda wa kukaa. Kaimati ni tamu kuliko vyote, na ni za saa chache tu. Unga wenye hamira unaodondoshwa kwa vidole kwenye mafuta ya moto, zikitoka zinarushwa kwenye shira ya iliki: nje zinavunjika kwa mlio, ndani hewa tupu. Kufika magharibi zimelegea. Jina lake limetoka kwenye Kiarabu, luqaimat, vitonge vidogo, na Waarabu wa Ghuba wanazimwagia asali ya tende. Zichome asubuhi ya Idi kama una msaidizi. Kama huna, usizianze kabisa, kwa sababu mtu mmoja hawezi kusimamia kaimati na vitunguu vya pilau kwa wakati mmoja. Vyote vinataka jicho.

Visheti ndivyo vya mtu anayejipanga. Vinachomwa siku nne tano kabla, vinavishwa shira inayoganda na kuwa unga mweupe, vinakaa kwenye kopo wiki mbili na bado vinavunjika. Ninaweka kopo langu juu ya kabati kwa sababu ya watoto. Vileja, vya unga wa mchele na samli, navyo vinakaa, ila havisafiri: ukivipeleka kwa shangazi kwa bodaboda utafika na unga. Sambusa zijaze mapema, zigandishe mbichi, uchome kadiri watu wanavyofika. Halua nunua tu. Kupika halua ni fundi na moto wa saa nyingi, na kahawa chungu inamaliza lililobaki.

Ukichagua biriani, punguza vitafunio vya mafuta, maana rojo lina mafuta yake. Pilau inavumilia sambusa na katlesi kabla yake bila mtu kuishiwa hamu.

Siku ya pili

Hili watu hulisahau wakati wa kuchagua, na kwangu lina uzito sana, kwa sababu chakula ninachokipenda kuliko vyote duniani ni kiporo cha pilau saa moja asubuhi na chai ya tangawizi isiyo na maziwa. Mchele umeshatulia, bizari imeingia mpaka ndani ya kiazi. Unanyunyiza maji kidogo, unafunika, moto mdogo, unasubiri isikike ikianza kutatarika chini.

Lakini kisilale mezani. Joto la Dar es Salaam halisamehe wali. Ukipoa tu ugawe kwenye vyombo vifupi, uingize kwenye friji usikae nje zaidi ya saa mbili, na asubuhi upashe moto mpaka utoe mvuke. Ukishanusa uchachu, mwaga.

Biriani siku ya pili inagawanyika. Wali wake umekauka, punje zimekaza, hata ukiupasha hauwi ule wa jana. Rojo ndilo limepanda cheo. Usilirudishie wali, lile na chapati, au na boflo la asubuhi, ukichovya mpaka chini ya bakuli. Wifi yangu anapika rojo zaidi kwa makusudi kwa ajili ya asubuhi hiyo, na nimekwenda Mombasa zaidi ya mara moja nikijua kabisa ninachofuata si chakula cha mchana wa Idi.

Mwaka huu Mfunguo Tatu tutakuwa Tanga, watu kama thelathini, mbuzi wawili, kuni. Shangazi ameshaniambia mkaango wa vitunguu ni wangu, na kwamba ukoko una mwenyewe.